Kisu cha kukunja: Cha wawindaji au cha kisasa, swali ni kinavyofunguka

WAHENGA walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika miji mingi ya dunia ya leo, methali hiyo haina budi kuongezewa sharti: mwenye kisu hicho ajue kwanza kinavyofunguka, kinavyojifunga na mahali anapokibeba, la sivyo huenda akalala seli badala ya kula nyama.

Kwa miaka mingi sasa, watumiaji wa visu vya kukunja, hasa Marekani na Ulaya, wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza linashikilia kisu cha kukunja cha wawindaji: kizito, chenye mpini wa mbao na shaba, ambacho hubebwa kiunoni ndani ya ala ya ngozi na kufunguliwa kwa mikono miwili.

Kundi la pili linapendelea kisu cha kisasa cha mfukoni. Hiki ni chepesi, mpini wake ni wa nailoni au titaniamu, hubanwa kwenye ukingo wa mfuko wa suruali na hufunguliwa kwa kidole gumba cha mkono ule ule unaokishika.

Aghalabu mabishano baina ya makundi haya huhusu ubora wa chuma na uzuri wa mpini. Hata hivyo, tofauti iliyo na uzito zaidi haimo katika chuma. Urahisi unaokifanya kisu cha kisasa kipendwe na fundi, mvuvi au mkulima ndio huo huo unaoifanya sheria ya mataifa kadhaa ikitazame kwa jicho la shaka.

Jambo hili linamhusu Mkenya pia. Wananchi wetu wengi wanasomea, wanafanyia kazi au wanatembelea miji kama London, Berlin na New York, na wengi huletewa visu hivi kama zawadi na jamaa walio ng'ambo. Anayebeba kisu bila kuelewa tofauti hizi anahatarisha mambo mawili: vidole vyake na uhuru wake.

KISU CHA WAWINDAJI KILIVYOZALIWA

Visu vya kukunja si uvumbuzi wa jana. Vilijulikana tangu enzi za Warumi, na kufikia karne ya 19 vilikuwa vikitengenezwa kwa wingi mjini Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani. Nchini Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka wa 1890 kutengeneza kisu chenye mpini wa mti kwa ajili ya wakulima wa eneo la Savoie, na kisu hicho kingali kinauzwa hadi leo.

Visu vingi vya wakati huo vilikuwa na udhaifu mmoja. Ubapa wake ulizuiwa na springi iliyolala mgongoni mwa mpini, wala haukuwa na kufuli. Mtumiaji akisukuma vibaya, au ncha ikikwama ndani ya mfupa, ubapa uliweza kujikunja ghafla na kumkata vidole.

Kwa sababu hiyo, wawindaji wa Marekani walipendelea kisu kisichokunjwa, kilichovaliwa ndani ya ala. Kisu hicho kilikuwa imara lakini kirefu, na kilimsumbua mwenyewe alipoketi garini, alipopanda farasi au alipojipenyeza vichakani.

Utatuzi uliokuja kupata umaarufu mkubwa ulitoka kwa familia ya Buck. Hoyt Buck alijifunza uhunzi akiwa kijana katika jimbo la Kansas, na mnamo 1902 alianza kutengeneza visu kwa kutumia tupa kuukuu. Baadaye alihamia San Diego, California, alikoendesha kazi hiyo pamoja na mwanawe, Al Buck. Hoyt aliaga dunia mwaka wa 1949.

Ni Al Buck aliyeongoza kampuni hiyo ilipotoa, mnamo 1964, kisu cha kukunja cha wawindaji kilichopewa nambari 110. Ubapa wake una urefu wa takriban sentimita 9.5. Miisho ya mpini ni ya shaba ya manjano, na katikati pana vipande vya mbao nyeusi ngumu mfano wa mpingo. Uzito wake ni gramu 200 hivi.

Siri yake ilikuwa kufuli ya mgongoni. Ndani ya mpini mna kipande cha chuma chenye jino. Ubapa unapofunguka hadi mwisho, jino hilo huingia kwenye pengo lililochongwa katika kisigino cha ubapa na kuushika. Ili kuukunja, mtumiaji hana budi kubonyeza sehemu ya nyuma ya mpini, mbali na makali.

Kwa njia hiyo, mwindaji alipata kisu kilichokaribia uimara wa kile cha ala, ilhali urefu wake ulipungua takriban nusu kinapokunjwa. Kisu hicho kiliuzwa kwa mamilioni na kuigwa na watengenezaji wengi. Kampuni yenyewe ilihamia Post Falls, jimbo la Idaho, mwaka wa 2005.

Ikumbukwe basi kwamba kisu ambacho leo huitwa cha jadi kilikuwa kitu kipya kabisa mwaka wa 1964. Wazee wa wakati huo, waliozoea kisu cha ala, nao walikuwa na sababu ya kukitilia shaka.

Hapa kwetu jadi ni nyingine. Sime ya Mmaasai na jambia lililovaliwa katika mwambao ni visu vya ala visivyokunjwa. Kisu cha kukunja kilitufikia kutoka nje, na ndiyo maana kwa wengi wetu tofauti kati ya aina zake si jambo lililorithiwa kutoka kwa wazee.

MKONO MMOJA WATOSHA

Mageuzi ya pili yalifuata miaka 17 baadaye. Mnamo 1981, kampuni ya Spyderco ya jimbo la Colorado, iliyoasisiwa na Sal Glesser, ilitoa kisu kilichokuwa na mambo mawili mageni kwa wanunuzi wengi. Kwanza, ubapa wake ulikuwa na tundu la mviringo ambalo kidole gumba kiliweza kulishika na kuusukuma wazi. Pili, ubavuni mwa mpini palikuwa na kibanio cha kukishikilia kisu kwenye ukingo wa mfuko.

Mambo hayo mawili yalibadilisha namna ya kubeba kisu. Hapakuhitajika ala wala mshipi. Kisu hakikuzama tena chini ya mfuko pamoja na funguo na sarafu, na mwenye kukihitaji alikipata kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea na kazi.

Manufaa yake ni dhahiri. Fundi aliye juu ya ngazi huhitaji mkono mmoja kujishikilia. Mvuvi ambaye kamba ya nyavu imemzinga mguu hana wasaa wa kutafuta mkono wa pili. Mfugaji anayemshika mbuzi aliyenaswa kwenye waya yumo katika hali iyo hiyo.

Kufuli nazo zilibadilika. Katika miaka ya 1980, Mmarekani Michael Walker aliboresha kufuli ya kibati chembamba kilichomo ndani ya mpini, ambacho hujikunjua na kusimama nyuma ya kisigino cha ubapa. Naye Chris Reeve, mhunzi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho mnamo 1989, alibuni kufuli ambamo ukuta wenyewe wa mpini ndio unaofanya kazi ya kibati hicho. Kisu chake kilichomletea sifa kinaitwa Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi.

Uzito ulipungua pia. Kisu aina ya Delica, ambacho Spyderco ilianza kukiuza mwaka wa 1990, kina uzito wa takriban gramu 70 na ubapa wa sentimita 7.3 hivi. Hiyo ni kama thuluthi moja ya uzito wa kisu nambari 110. Katika miaka ya karibuni, hata kampuni ya Buck imetoa matoleo mepesi ya kisu chake hicho, yenye mpini wa nailoni na kibanio cha mfukoni.

CHUMA, MAKALI NA USAFI

Kuhusu chuma, kila upande una hoja zake. Tangu miaka ya 1990, kisu nambari 110 cha kawaida kimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu kiitwacho 420HC, chenye kaboni ya karibu asilimia 0.45 na kromiamu ya asilimia 13 hivi. Kikipitishwa motoni vizuri, chuma hiki hushika makali ya kuridhisha, na kinapobutuka hunoleka kwa jiwe la kawaida kwa dakika chache.

Visu vingi vya kisasa vya bei ya juu hutumia chuma kinachotengenezwa kwa unga wa madini uliogandamanishwa kwa joto na shinikizo. Mfano mashuhuri ni S30V, kilichobuniwa Marekani mwaka wa 2001. Kina kaboni ya takriban asilimia 1.45, kromiamu asilimia 14 na vanadiamu asilimia 4.

Vanadiamu hiyo ikiungana na kaboni hutoa chembechembe ngumu mno, ambazo huyafanya makali yadumu kwa muda mrefu zaidi. Lakini chembechembe hizo hizo hulishinda jiwe la kawaida la kunolea, na mara nyingi mwenye kisu hulazimika kununua kinoo cha almasi. Kwa hivyo, mtu aliye porini kwa wiki nzima akiwa na kijiwe kidogo mfukoni huenda akahudumiwa vyema zaidi na chuma cha kale, ilhali anayekata maboksi ghalani kutwa nzima atafaidi chuma kipya.

Umbo la ubapa nalo lina maana. Kisu cha wawindaji cha mtindo wa Buck kina ncha nyembamba iliyopinda juu. Ncha hiyo hupenya vizuri, lakini mwindaji anapompasua mnyama asipokuwa mwangalifu inaweza kutoboa utumbo na kuiharibu nyama. Ndiyo sababu wawindaji wengi wa leo huchagua ubapa ambao mgongo wake huteremka polepole hadi kwenye ncha iliyo chini kidogo.

Aina zote mbili zina kasoro moja isiyoepukika. Kisu chochote cha kukunja kina bawaba na uwazi ndani ya mpini, na humo ndimo damu, mafuta na manyoya hujificha. Kisiposafishwa, uchafu huo huoza, huleta kutu na unaweza kuizuia kufuli isishike sawasawa.

Dawa yake ni rahisi: maji ya moto na sabuni, mswaki wa kusugulia pembe za ndani, kukikausha kabisa na kutia tone la mafuta kwenye bawaba. Katika hili kisu cha kisasa kina nafuu, kwa kuwa vingi vyavyo hufunguliwa kwa bisibisi au huwa na mpini ulio wazi pande mbili. Mipini ya mbao haipendi kulowekwa majini.

Mwenye kisu cha jadi akumbuke jambo jingine. Ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Ngozi hufyonza unyevu, na dawa zilizotumiwa kuitengeneza zinaweza kuifanya shaba iote ukungu wa kijani na chuma kipate madoa. Kisu kitakachokaa kabatini miezi kadhaa na kikae nje ya ala yake.

VIDOLE HATARINI

Ni aina ipi iliyo salama zaidi kwa anayeitumia? Jibu linategemea kufuli na mahali vidole vinapokaa wakati wa kuifungua.

Kufuli ya mgongoni hubonyezwa nyuma ya mpini. Mtumiaji wa kisu cha wawindaji hushika ubapa kwa mkono wa pili na kuukunja taratibu. Ni kazi ya sekunde kadhaa, na kwa sababu ni ya polepole makosa huwa machache.

Kufuli ya kibati cha ndani huhitaji kidole gumba kiingie katika njia ya ubapa ili kukisukuma kibati kando. Asiyezoea anaweza kuukunja ubapa juu ya kidole chake. Fauka ya hayo, mavumbi au nyuzi za nguo zikiingia ndani, kibati huenda kisifike mahali pake, na kisu kikaonekana kimefungwa kumbe hakijafungwa.

Kisu cha mfukoni kisicho na kufuli, kama kile chekundu cha Uswisi kinachojulikana kote duniani, humlazimu mtumiaji kuwa mwangalifu daima. Hakifai kutobolea kwa nguvu wala kukatia kitu kwa mgongo wa ubapa. Kwa kumenya chungwa, kukata uzi au kufungua barua, kinatosha kabisa.

Kwa muhtasari, kufuli hulinda vidole. Hapa ndipo palipo mgongano, maana sheria za baadhi ya nchi humruhusu raia kubeba kisu kisicho na kufuli na kumkataza kile chenye kufuli.

UINGEREZA: KUFULI NDIYO HATIA

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 1988 kuhusu makosa ya jinai inaharamisha kubeba hadharani kitu chochote chenye ubapa au ncha kali bila sababu nzuri. Kisu kimoja tu ndicho kilichosamehewa: kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi tatu, yaani sentimita 7.62.

Mnamo 1993, majaji wa huko waliamua kwamba kisu chenye kufuli si kisu cha kukunja kwa maana ya sheria hiyo, kwa sababu hakiwezi kukunjwa wakati wowote bila ya kwanza kufungua kufuli. Tangu uamuzi huo, urefu wa ubapa haumwokoi mwenye kisu cha kufuli.

Tazama matokeo yake. Delica ya sentimita 7.3 ni fupi kuliko kipimo cha sheria, lakini kwa kuwa ina kufuli haimo katika msamaha. Kisu cha Buck kinakosa msamaha mara mbili, kwa urefu na kwa kufuli. Hata Opinel ya mkulima wa Kifaransa, ambayo tangu 1955 imekuwa na pete ya chuma inayozunguka na kuufunga ubapa, huingia katika kapu hilo hilo.

Adhabu ya juu zaidi kwa kosa hilo katika Uingereza na Wales ni kifungo cha miaka minne. Tangu mwaka wa 2015, mtu mzima anayepatikana na kosa kama hilo kwa mara ya pili anapaswa kufungwa angalau miezi sita, isipokuwa mahakama ione kwamba kufanya hivyo si haki.

Sababu nzuri inakubalika, kwa mfano kisu cha kazi, cha dini au cha vazi la kitaifa. Mpishi anayekwenda kazini na visu vyake amejitetea. Mtu anayesema amekisahau mfukoni, au kwamba anakibeba kwa ajili ya kujilinda, yumo hatarini.

UJERUMANI: MKONO MMOJA NDIO TATIZO

Ujerumani ilichukua njia nyingine. Tangu Aprili 1, 2008, sheria yake ya silaha imekataza kubeba hadharani kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga kwa kufuli, pamoja na kisu kisichokunjwa chenye ubapa unaozidi sentimita 12. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi Euro 10,000. Waliosamehewa ni wale wenye haja halali, kama vile kazi, uwindaji au michezo.

Katika kipimo hiki, kisu kikubwa ndicho kilichonusurika. Kile cha wawindaji, kilicho kirefu na kizito lakini kinachohitaji mikono miwili, hakikuguswa na katazo hilo. Kile kidogo cha gramu 70 kilikatazwa, kwa kuwa kina tundu la kidole gumba na kufuli.

Kinaya chake kilijitokeza mwaka huo huo katika nchi jirani. Jeshi la Uswisi, ambalo wanajeshi wake walikuwa wamepewa visu vya kukunja kutoka karakana ya Karl Elsener tangu mwaka wa 1891, lilichagua mnamo 2008 kisu kipya cha askari. Safari hii kilikuwa na kufuli na tundu la kufungulia kwa mkono mmoja. Kifaa alichokabidhiwa askari wa Uswisi kuwa zana ya kazi kikawa, ng'ambo ya mpaka, kitu ambacho raia hawezi kukibeba bila sababu.

Hali imekuwa ngumu zaidi tangu Agosti 23, 2024, mtu mmoja alipowashambulia watu kwa kisu katika tamasha mjini Solingen na kuwaua watatu. Mji huo ni ule ule uliojipatia sifa kwa uhunzi wa visu. Baadaye mwaka huo, bunge lilipitisha sheria inayokataza visu vya kila aina katika tamasha za umma na katika treni na mabasi ya masafa marefu, isipokuwa kwa misamaha maalumu. Katika maeneo hayo, aina ya kisu haina maana tena.

NEW YORK: MTIKISO WA KIWIKO

Marekani, ambako visu vyote viwili vilizaliwa, sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Sheria ya kitaifa ya mwaka wa 1958 ililenga biashara ya visu vya kufyatuka, yaani vile ambavyo ubapa huruka wenyewe mtu anapobonyeza kitufe.

Jimbo la New York liliongezea marufuku ya visu vinavyofunguka kwa uzito wao au kwa kurushwa mkono kisha vikajifunga. Kwa miaka mingi, polisi wa jiji la New York walikipima kisu kwa kukitikisa kwa nguvu. Ubapa ukifunguka, mwenyewe alikamatwa.

Waliokumbwa zaidi walikuwa mafundi, wapishi na vibarua waliokuwa wamenunua visu vyao katika maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi. Mara nyingi kilichomvuta polisi ni kile kibanio kilichoonekana kwenye ukingo wa mfuko. Kisu kilichobebwa kwa njia rahisi kilijitangaza chenyewe.

Ugumu ulikuwa kwamba kisu kile kile kinaweza kugoma mkononi mwa mtu mmoja na kufunguka mkononi mwa mwingine mwenye nguvu. Hata kisu cha jadi ambacho bawaba yake imelegea kwa miaka mingi ya matumizi kinaweza kutikiswa kikafunguka. Marufuku hiyo iliondolewa Mei 30, 2019. Hata hivyo, jiji hilo bado lina kanuni zake, ikiwemo ile inayozuia kubeba hadharani kisu chenye ubapa wa inchi nne au zaidi.

ANGANI HAKUNA UPENDELEO

Katika viwanja vya ndege, mabishano ya jadi na usasa huisha mlangoni. Kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, abiria nchini Marekani aliruhusiwa kuingia ndegeni na kisu chenye ubapa usiofika inchi nne. Baada ya siku hiyo visu vilipigwa marufuku.

Mnamo Machi 2013, idara ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo ilitangaza kwamba ingeruhusu tena visu vidogo visivyo na kufuli vyenye ubapa usiozidi sentimita 6. Wahudumu wa ndege na wengineo walipinga vikali, na mwezi wa Juni mwaka huo mpango ukafutwa.

Msafiri anayeondoka Nairobi au Mombasa na atie kisu chake ndani ya sanduku linalokabidhiwa shirika la ndege, asikiache ndani ya mkoba wa mkononi. Wengi hupoteza zawadi za thamani katika ukaguzi kwa kusahau jambo hili dogo.

HAPA KENYA

Nchini Kenya, uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliongeza makali ya adhabu. Kisu cha wawindaji kinapofika hapa, basi, hakina mawindo. Hutumiwa na mchinjaji, mkulima, mpanda milima au mtu anayekipenda tu kwa umbo lake.

Sheria zetu hutilia mkazo mazingira na nia. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mtu anayepatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha kuwa alikusudia kutenda kosa kubwa anaweza kufungwa kati ya miaka saba na 15. Nayo Sheria ya Utaratibu wa Umma inakataza kubeba silaha katika mikutano na maandamano ya hadhara.

Hii ina maana kwamba kisu kilichomo ndani ya kikapu cha mkulima anayetoka kuvuna hakitazamwi sawa na kisu hicho hicho kikiwa mfukoni mwa kijana anayerandaranda usiku wa manane nje ya duka. Kifaa ni kimoja, lakini maelezo yake hayafanani, na anayetakiwa kuyatoa ni aliyekibeba.

KIPI BASI KICHAGULIWE?

Kwa mtu anayefanya kazi shambani, baharini au kwenye ujenzi, na ambaye mara nyingi ana mkono mmoja tu ulio huru, kisu cha kisasa chenye kufuli kina manufaa yasiyokanika. Akibebe kazini, na kazi ikiisha akiache pamoja na vifaa vyake vingine.

Kwa mtu anayechinja, anayechuna au anayepiga kambi porini, na ambaye anapenda kifaa anachoweza kukinoa mwenyewe kwa jiwe, kisu cha wawindaji bado ni chaguo zuri. Uzito wake unaoudhi mfukoni hugeuka faida mkononi wakati wa kazi ndefu. Kwake yeye ala ya kiunoni ni ya porini, si ya mjini.

Na kwa mtu wa mjini, ambaye haja yake ni kumenya tunda na kukata uzi, kisu kidogo kisicho na kufuli chenye ubapa chini ya inchi tatu kinatosha. Hata hicho, kuna mahali kisipoingia: ndege, mahakama, shule, na tamasha za nchi zilizokwisha kuweka marufuku.

Kabla ya kusafiri, msomaji afanye mambo matatu. Akifungue kisu chake aone kama kinahitaji mkono mmoja au miwili. Ausukume mgongo wa ubapa polepole, vidole vikiwa mbali na makali, aone kama unajikunja au umefungwa kwa kufuli. Kisha aupime ubapa kwa rula na kulinganisha majibu hayo na sheria ya nchi anayokwenda. Ikiwa jibu lolote linamtia shaka, kisu na kibaki nyumbani.